Kura ya Kusimama

Nilisimama. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi ya kurasa mbili za utangulizi, nitakuwa nimeshajenga hoja, nimeipinga, nimeitetea tena, na msomaji atafika kwenye kosa lenyewe akiwa amenihurumia. Sitaki huruma hiyo. Kwa hiyo: nilisimama.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto karibu na barabara ya Route 7, upande wa Falls Church, Virginia. Kamati ya chama changu ya eneo letu, chama cha wahafidhina, ilikuwa inapitisha ilani yake. Ndani ya ilani kulikuwa na sentensi moja inayosema kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwenyekiti akauliza: sentensi hii ibaki, au iondoke? Wanaosema ibaki, wasimame wahesabiwe. Nikasimama. Upande wa pili wa ukumbi, kwenye safu iliyo karibu na dirisha, alikuwa ameketi mwanamume niliyeishi naye miaka mitatu na niliyemwahidi kwamba tutafunga ndoa. Aliniona vizuri tu. Ukumbi ule hauna nguzo.

Mimi ni shoga na ni mhafidhina. Najua neno la kwanza linavyosikika kwa Kiswahili, na jinsi linavyotupwa mitaani kama jiwe. Lakini maneno ya adabu yaliyopo ni marefu kama fomu ya uhamiaji, na nimechoka kuzunguka. Neno la pili nalo, kwa marafiki zangu wa chuo, lilikuwa baya kuliko la kwanza. Waliposikia nimejiunga na chama, mmoja aliniuliza kwa sauti ya daktari anayepima homa, "Unajichukia?" Nikamjibu kwamba hapana, nachukia kuambiwa niwaze nini. Wote darasani walikuwa wameshaamua kwamba kijana mweusi, mhamiaji, shoga, lazima apige kura upande fulani. Mimi nikisikia watu kumi wanasema jambo lilelile, swali langu la kwanza ni nani aliyewaambia wote kumi.

Lakini haukuwa ubishi mtupu. Nililelewa na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenichukua kutoka Morogoro nikiwa na miaka kumi na minne. Alisafisha vyumba vya hoteli kwa miaka mingi, kisha akaanzisha kampuni yake ndogo ya kusafisha ofisi. Nilimsaidia kujaza vibali. Nilikuwa mtoto wa sekondari ninayejua aina za vibali kuliko majina ya wachezaji wa mpira, na nilimwona mjomba akiketi mezani na karatasi zile huku ameshika kichwa. Nilipomsikia mtu kwenye redio akisema serikali ipunguze mkono wake, nilijua anaongelea meza yetu. Hapo ndipo siasa yangu ilipoanzia. Kuhusu ndoa, nilijiambia kwamba ni sentensi moja tu, katika kurasa nyingi ninazozikubali. Chama kitabadilika. Tutakibadilisha tukiwa ndani.

Tulikuwa kikundi kidogo cha watu wa namna yangu, mashoga wahafidhina wa Washington na vitongoji vyake, tuliokutana kila mwezi kwenye mgahawa mmoja. Wengi walikuwa wanasheria na wafanyakazi wa ofisi za Bunge, wenye suruali zilizonyooshwa vizuri. Siku moja akaingia jamaa mwenye sare ya uuguzi, viatu vya raba, macho mekundu kwa usingizi, akaagiza supu na kusema kwa Kiingereza cha Bonde la Ufa, "Nimetoka zamu. Endeleeni tu kuokoa nchi, mimi nakula."

Alikuwa Mkenya, muuguzi kwenye nyumba ya wazee huko Rockville. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nilikuwa nimesema, "Samahani, naomba nikae hapa kama hutajali."

"Nyinyi wa Tanzania," akasema. "Mtu akikukanyaga, wewe ndiye unaomba msamaha. Kaa chini bwana, kiti si cha mama yangu."

Yeye ndoa aliitaka wazi, bila aibu, kama mtu anavyotaka nyumba yenye bustani. Wale wanasheria walipoongea habari za haki na katiba, aliwakatiza. "Mimi sitaki mapinduzi. Nataka mtu ambaye nikianguka kazini ataitwa yeye. Nimeona wazee wangapi pale, miaka arobaini wamekaa pamoja, halafu anakuja mpwa kutoka Ohio anamwambia mwenzake atoke chumbani. Nataka jina langu kwenye fomu ya mtu. Sasa niambieni, kuna kitu cha kihafidhina kushinda hicho?" Sijasikia hoja bora zaidi tangu siku ile, na nimesoma vitabu vingi vilivyojaribu.

Tukapendana, mimi na yeye, tukapanga nyumba ya vyumba viwili Falls Church. Kwa kanisa la mjomba na kwa Watanzania wote tuliowajua, alikuwa mpangaji mwenzangu. Chumba cha pili kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, shuka zimepigwa pasi, na kila mwezi tulizibadilisha japokuwa hakuna aliyezilalia. Yeye alizikunja upande wake, mimi upande wangu, na alizoea kusema, "Huyu mgeni wetu ni msafi sana. Hatoki hata jasho." Mara moja tu kitanda kile kilipata mtu: mjomba alilala kwetu wakati wa theluji, asubuhi akatushukuru, akasema amelala vizuri.

Mwenzangu aliniambia habari za ndoa siku moja anasonga ugali. Hakupiga goti wala hakuleta pete. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mwiko. "Wewe unajua nini? Nimechoka kuwa mpangaji. Sheria inaturuhusu. Twende mahakamani tuchukue kibali cha ndoa."

Nikamwambia tusubiri kidogo. Mwaka ule kamati yetu ilikuwa inaandika upya ilani. Chama ngazi ya taifa kilikuwa kimeanza kulegeza maneno yake juu ya jambo hilo, na kikundi chetu kilikuwa kimeomba sentensi ile iondolewe na huku chini. Nilitaka, nikamwambia, tufunge ndoa ndani ya chama kisichotukataa.

Alicheka, akageuza ugali. "Watu husubiri mahari. Wewe unasubiri ilani."

"Ni jambo la msingi."

"Sawa. Basi siku hiyo ya ilani, utasimama mbele useme. Wewe ndiye unayejua kuongea. Ishinde au ishindwe, mimi hiyo hainisumbui. Useme tu. Halafu Jumatatu tunaenda kwa karani wa mahakama."

Nikakubali. Tulishikana mikono kama watu wanaouziana gari, mkono wake ukiwa na unga. Masharti yalikuwa mepesi: sikutakiwa kushinda chochote, ila kusema tu.

Niliandika hotuba ya dakika mbili, maana ndizo kila msemaji alizopewa. Aliisoma akipiga pasi sare yake, akakata nusu ya maneno. "Hapa unaomba samahani. Hapa tena unaomba samahani. Hii yote toa."

Ni lazima pia nieleze kazi yangu katika chama. Nilikuwa mratibu wa kuwafikia wahamiaji. Mwenyekiti, mwanamke mpole aliyestaafu jeshini, aliniambia kwamba chama hakiwezi kuendelea kuwa cha watu wa rangi moja na umri mmoja, na nilimwamini kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaenda kanisani kwa mjomba, kwenye ukumbi wa chini, baada ya ibada. Nikaleta fomu na kalamu. Wazee wale walikuwa raia wa miaka mingi, wanapiga kura, lakini hakuna mtu wa chama chochote aliyewahi kuwafuata akaketi nao. Waliojiunga walikuwa kumi na mmoja, mjomba akiwa wa kwanza kutia saini. Niliporudisha fomu, mwenyekiti alinikumbatia.

Jumamosi ile walikuja wote kumi na mmoja, suti na vitenge, na chupa tatu za chai. Mtu anayekwenda mkutanoni bila chai, kwa wazee wetu, anakwenda kugombana. Mjomba alikuwa na boksi la maandazi kwenye gari, na mpangaji mwenzangu ndiye aliyetoka kumsaidia kulibeba. Nakumbuka walivyoingia, wameshika boksi kila mtu upande wake, mjomba anarudi nyuma nyuma na yeye anamwelekeza, "Kushoto kidogo, mzee. Hapo. Kuna ngazi." Wanachama wa zamani wakajaa mezani wakauliza vitu vile vitamu vinaitwaje.

Viti vilikuwa vimepangwa pande mbili. Wazee waliketi upande wa kulia, na mjomba akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. "Mjomba, kaa hapa." Sisi huitana mjomba pande zote mbili, yeye kwangu na mimi kwake. Nikamwangalia mwenzangu. Akainua mabega, akaenda kuketi dirishani na watu wa kikundi chetu. Nilijiambia kwamba ni sawa. Muda wangu ukifika nitanyanyuka nitokee huku, na itakuwa na nguvu zaidi nikitokea kwa wazee. Nina kipaji hicho cha kuupa kila woga jina la mbinu.

Msemaji wa kwanza wa upande wetu alikuwa mwanasheria wa kikundi. Aliongea vizuri. Kisha mwenyekiti akatazama karatasi yake, akanitazama mimi. Hotuba ilikuwa mfukoni, naisikia kifuani. Mzee aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameweka mkono juu ya kiti changu, na mjomba alikuwa anakunja leso yake taratibu, mara nne, kama afanyavyo kabla ya maombi. Nikatikisa kichwa. Nilifanya ishara ndogo ya mkono, ile ya kusema kwamba aliyetangulia ameshamaliza yote, sina la kuongeza.

Kipaza sauti kikabaki peke yake kwa muda. Halafu mwenzangu akanyanyuka, yeye anayechukia kuongea mbele za watu, akaenda bila karatasi.

"Mimi ni muuguzi," akasema kwa Kiingereza. "Ninapenda chama hiki kwa sababu kinasema mtu awajibike, atunze watu wake. Nina mtu ninayetaka kumtunza. Nataka kumwoa. Sitamtaja. Naomba tu sentensi hiyo isiseme kwamba sisi wawili si kitu. Ni hayo tu."

Miongoni mwa wazee wetu yuko mmoja asiyesikia vizuri. Aliinama mpaka sikioni kwangu, akauliza kwa sauti ambayo wasiosikia hudhani ni ya kunong'ona, "Huyu si yule kijana wa maandazi? Anasemaje?"

Nikamjibu, "Anaongelea kazi yake ya uuguzi, mzee."

"Ahaa. Kazi nzuri sana hiyo," akasema, na akapiga makofi. Alikuwa peke yake katika safu yetu.

Kisha kura. Wanaosema ibaki, wasimame. Nyuma yangu viti vikakwaruza sakafu. Wazee walisimama pamoja kama wanavyosimama kwa wimbo wa kwanza, na mjomba pembeni yangu akasimama, na akiwa anajinyanyua akaweka mkono begani kwangu kwa sababu goti lake la kushoto ni baya. Na mimi nikasimama.

Nimeligeuza swali hili kila upande. Nilisimama kwa heshima? Kwetu mtoto haketi wakati wazee wamesimama. Nimefundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma, na naapa kwamba miguu yangu ilitangulia, akili ikafuata. Ni kosa ambalo yule mwanasheria wa kikundi chetu asingeweza kulifanya hata kwa bahati mbaya. Kwao mtu huketi au husimama kwa kuwa ameamua. Kwa wiki kadhaa nililishikilia jibu hilo, nikaona linanifaa: nilikosea kwa adabu. Tatizo ni kanuni.

Kanuni za mikutano yetu zinaruhusu mwanachama kubadili kura yake wakati wowote kabla mwenyekiti hajatangaza matokeo. Naijua kanuni hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha wazee, kule ukumbi wa chini, mmoja wao alipouliza itakuwaje akichanganyikiwa. Wahesabu kura wawili walipita wakituhesabu kwa kidole. Tukaketi. Wakasimama wa upande wa pili, mwenzangu akiwa miongoni mwao, mikono ameiweka nyuma kama mtoto wa shule. Wakahesabiwa. Wahesabu wakaenda mezani, wakalinganisha karatasi zao, wakatofautiana, mmoja akahesabu tena kwa macho. Mwenyekiti akavaa miwani. Muda wote huo, labda dakika mbili, ndizo dakika mbili za hotuba yangu, ningeweza kuinua mkono na kusema: nilikosea, nihesabuni upande ule. Mwenzangu naye aliijua kanuni. Alikuwa ameketi akinitazama, si kwa hasira, alikuwa anasubiri tu, kama unavyomsubiri mtu aliyerudi ndani kuchukua funguo.

Miguu inaweza kukosea kwa adabu. Dakika mbili haziwezi.

Mwenyekiti akatangaza. Sentensi ilibaki kwa tofauti ya kura saba. Kura yangu peke yake isingebadilisha kitu, na hata faraja ya kujiona mtu muhimu nimenyimwa. Lakini wazee niliowaleta walikuwa kumi na mmoja. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu.

Nimeanza na kusimama kwa sababu kusimama ni kosa dogo. Hili ndilo kubwa, na sikulisema kwa hiari. Lilisemwa na mwingine, mezani penye chai.

Watu walikuwa wanavaa makoti. Mwenzangu alikuja kuchukua boksi tupu la maandazi, maana alikuwa ameahidi kulirudisha garini. Yule mzee asiyesikia vizuri akamshika mkono kwa furaha, akampongeza kwa uuguzi wake, kisha akanigeukia na kunipiga mgongoni mbele yake.

"Kijana wetu huyu," akamwambia, "alituahidi tangu siku ya fomu. Mimi nilimuuliza, je, habari za ndoa hizi za siku hizi, chama chako kinasemaje? Akatuambia, wazee wangu, msiwe na wasiwasi, lipo kwenye ilani, na mkija ninyi halitatoka. Na kweli! Halikutoka. Mtu wa kutimiza ahadi."

Nilikuwa nimesema hivyo. Maneno yaleyale. Wazee watatu walikuwa wameshika fomu wakisita, mkutano wa kanisa unakaribia kwisha, na nilitaka kumi na mmoja badala ya wanane. Lilinitoka kirahisi kama jina la duka. Nilijua litawafanya watie saini, na wakatia. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikamsimulia mwenzangu kwamba nimewaandikisha watu kumi na mmoja, naye akanipikia chai ya tangawizi kunipongeza.

Mwenzangu aliuacha mkono wake mkononi mwa mzee mpaka mzee mwenyewe akauachia. "Asante kwa chai, mzee wangu," akamwambia. Halafu akanitazama mimi, na akaongea Kiswahili laini, cha Tanzania, ambacho kwa kawaida hukitumia kunitania.

"Kumbe ahadi ulitoa mbili."

Alibeba boksi akalipeleka kwenye gari la mjomba.

Hatukugombana. Ningependa tungegombana, mimi kwenye mabishano najua pa kushika. Nyumbani nilianza kueleza habari za heshima, miguu, goti la mjomba. Alinisikiliza akivua viatu. "Mimi nimelelewa na nyanya yangu," akasema. "Unadhani sijui kusimama kwa mzee? Ungesimama tu. Halafu ungesema." Akachukua mto wake akaenda chumba cha pili. Wiki mbili zilizofuata alilala kwenye kitanda kile, na mgeni wetu msafi akawa mtu kweli. Jumatatu ya karani wa mahakama ilipita. Alikwenda zamu, akarudi, akaosha kikombe chake.

Alipata chumba Laurel, karibu na kituo cha treni. Nilimsaidia kupakia. Nilimuuliza kama ni lazima aende Maryland, mbali na kila kitu, akasema ni karibu na kazi, jambo ambalo si kweli. Mlangoni alinipa shuka za kitanda cha pili, zimefuliwa, zimekunjwa pande zote mbili na yeye peke yake. "Sema ukweli nyumbani kwenu," akasema. "Si kwa ajili yangu. Mimi nimeshaenda. Lakini wewe utapata mpangaji mwingine."

Ilinichukua mwezi na zaidi. Nilimkuta mjomba Jumapili alasiri kwenye karakana yake, anafungua mashine ya kusafishia mazulia. Nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikasema, "Mjomba, yule hakuwa mpangaji mwenzangu."

Akaendelea kuzungusha bisibisi. "Miaka mingapi nimetandika vitanda vya hoteli?"

"Mingi."

"Basi kitanda kisicholaliwa nakijua. Nililala pale siku ya theluji, godoro gumu kama la dukani. Nikasema moyoni, haya, Mungu wangu." Akaweka skrubu kwenye kifuniko cha chupa ili isipotee. "Nikanyamaza. Nikangoja uniambie, nikuambie ninavyofikiri, tugombane kama watu. Hukuniambia. Badala yake ukaja kanisani na fomu, unawaambia wazee sentensi hiyo haitatoka. Nikajiuliza, huyu mtoto amebadilika? Wameachana? Labda ndivyo anavyotaka."

"Ndiyo maana ulisimama?"

"Usinitwishe hilo." Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi ningesimama tu. Msimamo wangu unaujua, na hautabadilika kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu. Lakini nisingekushika bega. Nilikushika bega nikidhani tuko pamoja." Akavuta pumzi. "Na yule kijana akatubebea maandazi. Akaenda pale mbele akasema neno lake peke yake. Nilimsikia. Mimi masikio yangu ni mazima. Na nilisikia ulichomwambia mzee pia."

Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa tayari kuhukumiwa kwa kumpenda mtu, nimejiandaa kwa maandiko, hata hoja za kujibu nilikuwa nazo. Mjomba alikuwa ananionea aibu kwa jambo jingine kabisa, na katika jambo hilo tulikubaliana, mhafidhina na mhafidhina.

"Nishikie hapa," akasema, nikashika upande wa mashine mpaka akamaliza.

Garini, kabla ya kuwasha, nilimwandikia yule aliye Laurel. Nilifuta mara tatu, kila mara nikikuta neno samahani limejipenyeza. Mwishowe nikaacha neno moja tu: "Nimemwambia."

Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Hakuuliza mjomba amesemaje, wala hakunipongeza. Aliuliza kama mwanachama anayeomba ufafanuzi wa utaratibu:

"Mwenyekiti alikuwa ameshatangaza?"

Mjomba alikuwa ametoka nje, anazungusha waya wa mashine kwenye kiwiko chake, mzunguko baada ya mzunguko. Niliangalia simu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena.

"Ndiyo," nikaandika. "Alikuwa ameshatangaza."